Kengele ya Tarishi

Tarishi wa mkoloni alikuwa jirani yetu, na mtaani hakuna aliyeitikia salamu yake. Kazi yake ilikuwa kukamata wanaume wakavunje mawe ya barabara bila ujira. Kaptula yake ilipigwa pasi ikakauka kama ubao, lakini vidole vyake havikutulia: kila akikaribia kona alipiga kengele ya baiskeli, kriing, kriing, hata kama njia ni nyeupe. Mama akiisikia tu, humtoa baba kwa mlango wa nyuma, kisha husonya, "Kibaraka mkubwa!" Tarishi akifika hukuta wanawake na watoto, akatikisa kichwa kwa masikitiko yaliyozidi kiasi.

Bwana mkubwa naye si mjinga. Asubuhi moja aliifungua kengele ile kwa mkono wake mwenyewe, akaitia mfukoni. "Haya, nenda sasa." Siku hiyo tulisikia kikohozi tangu mbali, kona hadi kona, kikohozi kikavu cha mtu asiyeumwa. Baba alipokwisha kuruka ua, tarishi alisimama mlangoni petu, macho mekundu, sauti imekauka. Mama alimtazama kitambo, akaingia ndani, akatoka na maji.

"Karibu, shemeji," alisema. "Pole na kifua."