Makinda Wanne wa Mwenye Nyumba

Kaka yangu alikuwa mtu wa kugombeza. Niseme mapema, kwa sababu msibani watu walianza kumpaka sukari, eti alikuwa mpole, eti hakuwahi kumwinulia mtu sauti. Uongo mtupu. Mimi ndiye mdogo wake wa kumfuata, nimeishi naye tangu wifi yangu alipofariki, na sijawahi kupika chai ikampendeza. Ikiwa nyepesi, nimebania majani. Ikiwa nzito, nataka kumuua. Mimi nashona cherehani sebuleni, yeye alikuwa seremala, na kila uzi uliodondoka sakafuni ulikuwa na kesi yake. Na mimi sikai kimya, nilikuwa nampa vidonge vyake papo hapo.

Alipiga randa miaka thelathini na minne. Vitanda, milango, madawati ya shule, majeneza. Kitambaa cha kuziba pua alikikataa, alisema kinamfanya aonekane jambazi. Vumbi la mbao likamwingia kifuani, likakaa humo humo.

Habari ya ndege ilianza na mti. Uani kwetu palikuwa na mti mkubwa uliokauka nusu, akaukata mwenyewe apate mbao za vitanda viwili. Ulipoanguka shina likapasuka, na ndani ya tundu kulikuwa na kiota. Makinda watano, wote wamebondeka. Wazazi wao, ndege wadogo wenye kichwa cheusi na mashavu meupe, walilizunguka shina lile siku mbili nzima wakilia. Kaka hakutia kitu mdomoni. Siku ya tatu akatengeneza visanduku vitatu vya mbao, kila kimoja na tundu dogo mbele na kifuniko cha bawaba juu, akavipandisha kwenye nguzo za chuma uani. Nikamwambia, "Kaka, ndege hawasomi tangazo la chumba cha kupanga." Hakucheka.

Walioingia ni shomoro. Wewe unawajua shomoro, ndege wa mjini, wamejaa kila paa, hawaoni aibu. Wakikuta mwenzao ana kiota wanamtoa kwa nguvu, mayai wanayatoboa. Kwa hiyo kila wiki kaka alipanda ngazi akatoa nyasi zao na kuzitupa. Majirani wakambatiza jina Mwenye Nyumba, kwa sababu kazi yake ni kujenga, kukagua na kufukuza wapangaji. Miaka kumi na mmoja alifanya hivyo, na wale wenye mashavu meupe hawakuja hata siku moja. Mimi nilimwambia waziwazi kwamba anapoteza muda. Yeye alikuwa anapaka grisi kwenye nguzo ili nyoka wateleze, hakugeuka hata kunitazama.

Mwaka huu wakaja. Wawili, kwenye kisanduku cha karibu na dirisha la jikoni. Wakaleta kuvumwani, ule ukoga laini wa kwenye magome ya miti, na nywele za mbuzi, wakatengeneza kitu laini hata mimi niliyezoea sufi nikakivulia kofia. Mayai manne. Kaka alikuwa anapumua kwa shida kabisa wakati huo, akipanda vipandio vitatu vya ngazi anasimama apumzike, lakini kila baada ya siku mbili alipanda. Anagonga ubavuni mara mbili kwa kidole ili mama atoke, anainua kifuniko, anatazama, anashuka, anaandika kwenye daftari. Wote wanne walianguliwa siku moja. Kaka alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akafuta macho kwa shati. Nilijifanya natafuta pini.

Siku ya tano ya makinda, kaka akaanguka bafuni. Walipomlaza kwenye machela, midomo imebadilika rangi, alinishika mkono akanipa masharti. Nifungue siku ya saba, ya tisa na ya kumi na moja. Kuanzia siku ya kumi na mbili nisikiguse kisanduku kabisa, nitazame kutoka dirishani.

"Wakati huo wana manyoya lakini hawajui kuruka," akasema. "Ukifungua watadhani nyoka kaingia. Watajirusha nje wote. Wenyewe wataondoka siku ya ishirini."

"Nimesikia, kaka. Panda gari."

"Hujasikia. Rudia."

Nikarudia mbele ya wahudumu wa gari la wagonjwa, kama mtoto wa darasa la kwanza.

Nilifuata yote. Siku ya saba, wanne. Ya tisa, wanne. Ya kumi na moja, wanne, wananitazama kwa macho meusi. Kila jioni saa za kuona wagonjwa nilimpelekea habari wodini, naye akavuta kinyago cha hewa pembeni aulize: wazazi wanaleta nini, grisi ya nguzoni ipo bado, shomoro wamekaribia? Ukweli ni kwamba hakuwa na kingine cha kuuliza. Hatukujaliwa watoto katika ukoo wetu, si yeye wala mimi.

Siku ya kumi na tatu, daktari akaniita koridoni. Akaniambia mapafu yamechoka, nimwandae na nijiandae. Nikamuuliza siku ngapi. Akasema chache, pengine wiki haitaisha. Nikapiga hesabu nikitembea kurudi nyumbani: siku ya ishirini haitamkuta.

Usiku sikulala vizuri. Nilikuwa nafikiria kwamba miaka kumi na mmoja mtu amengoja, na atakufa hajawaona wakiwa na manyoya. Asubuhi nikasema, potelea mbali. Tangu lini ndege akahesabu siku? Simu yangu inapiga picha. Nitainua kifuniko kidogo, sekunde mbili, nimpelekee aone kwa macho yake. Nilijua masharti. Nisiseme nilisahau, sikusahau. Nilijiona najua zaidi.

Nikapanda ngazi. Nikagonga mara mbili. Nikainua kifuniko kwa mkono mmoja, simu mkono wa pili, na wote wanne wakanilipukia usoni.

Mmoja aligonga ukuta wa jikoni akaanguka pale pale, shingo imelegea. Mmoja aliingia kwenye rundo la kuni. Wawili walikuwa chini wanarukaruka bila mwelekeo, na mimi nimeshashuka, napiga magoti, nawatafuta kwa mikono. Nikampata mmoja, nikamrudisha kisandukuni, akatoka tena kabla sijafunga. Paka wa jirani akamchukua mbele yangu. Nilimrushia kandambili nikamkosa. Aliyekuwa wazi katikati ya uwanja kunguru wakamshukia. Yule wa kwenye kuni nilimsikia mpaka saa sita mchana, nikitoa kuni moja moja, na nilipomfikia siafu walikuwa wamefika kabla yangu.

Wazazi waliendelea kuleta viwavi. Wanaingia kwenye tundu, wanatoka na kiwavi kile kile mdomoni. Sikuweza kutazama, nikafunga dirisha la jikoni. Nikakaa sakafuni nikalia mpaka kifua kikauma. Kisha nikanawa, nikabadilisha gauni, nikaenda hospitali.

Alikuwa ameinuliwa kwa mito miwili. Akavuta kinyago. "Vipi?"

"Wameruka, kaka."

Akanitazama. "Wote?"

"Wote wanne."

"Asubuhi?"

"Asubuhi na mapema."

Akatikisa kichwa polepole. "Huwa asubuhi," akasema. Akanishika mkono, akaupapasa mkwaruzo wa kuni uliokuwa kidoleni. "Umefanya kazi kubwa, mdogo wangu. Nenda kapumzike."

Nilitoka nikiwa nimefarijika, Mungu anisamehe. Nilijiambia bora afe na furaha. Siku mbili zilizofuata hakuuliza tena habari za kisanduku. Alikuwa ananiuliza kama nimekula, na nimekula nini, na niahidi kwamba nitakula. Nikadhani dawa zimempunguza ukali. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, akafariki.

Baada ya maziko nilirudi wodini kuchukua nguo zake. Kwenye kitanda cha jirani yake alikuwa bado yupo mzee mmoja, dereva mstaafu wa malori, naye kifua.

"Wewe ndiye dada wa ndege," akasema. "Pole sana, mama. Na wale makinda nao, pole."

Nikamuuliza makinda gani, maana kwa habari niliyoileta mimi, makinda walikuwa hai.

Mzee akaanza kukunja ncha ya shuka. "Aliniomba nisikwambie," akasema. "Lakini mimi mwenyewe naondoka, siwezi kubaki na siri ya marehemu. Siku ile ulipotoka alihesabu vidole. Akahesabu tena. Akasema, leo ya kumi na nne, hawawezi kuruka, amefungua. Akajifunika shuka mpaka kichwani. Chakula chake kilirudi jikoni kama kilivyokuja."

"Alinikasirikia?"

"Hapana. Kulipokucha alisema, dada yangu atakuwa analia kule nyumbani peke yake, na kwa kiburi alichonacho hatamwambia mtu. Akija, tumuulize kama amekula."

Nikakaa kwenye kitanda cha kaka, godoro limeshatolewa shuka. Miaka hamsini na minane amenigombeza kwa mambo yasiyo na kichwa wala miguu. Mara moja tu nilistahili kugombezwa, na mara hiyo akanyamaza.