Viganja Vilivyokataa Kukauka

Mdogo wangu amefagia chuo kikuu miaka ishirini na sita. Pale wote wanamwita Mama Ndoo, maana ndoo haimtoki mkononi. Mimi ndiye niliyemtangulia kuzaliwa, kwa hiyo habari zake naziandika bila kumwomba ruhusa.

Mwaka mmoja mwalimu wa uchoraji aliwaita watu wote wa chuo wachore mti mmoja kwenye ukuta mrefu wa maktaba. Shina alilichora yeye. Majani yawe viganja: mwanafunzi, mpishi, mlinzi, mhadhiri, kila mtu achovye mkono kwenye tope la kijito kinachopita chini ya chuo, aubandike ukutani. Alisema mtu akishakishika kijito kwa mkono wake ataona haya kukitupia taka. Wakamwuliza Mama Ndoo tope zuri liko wapi. Akawaletea ndoo tatu, tope jeusi, laini kama mafuta. Hakusema kwamba alilichota chini ya bomba la maabara linalomwaga maji kijitoni, kwa sababu wafagizi wamekatazwa kufika huko.

Vilibandikwa viganja zaidi ya mia mbili. Siku ya tatu vilikuwa vibichi. Wiki ya pili, na jua kali lile, bado vinachuruzika. Kila asubuhi mdogo wangu alipangusa matone chini ya ukuta, akamwaga maji ya ndoo nyuma ya maktaba. Nyasi za pale zikalala, zikawa nyeupe. Inzi hakutua ukutani. Hata mijusi walihama.

Msimamizi wa usafi akaamuru ukuta upakwe chokaa, wageni wanakuja. Ukapakwa mara mbili. Asubuhi ya pili viganja vikachomoza, kimoja kimoja, kama watu wanaosukuma pazia kwa ndani. Na chini, usawa wa goti, palikuwa na kiganja kidogo ambacho hakuna aliyekumbuka kukiona. Siku ile ya kuchora hakuna mtoto aliyeingia chuoni.

Msimamizi akasema, "Mama Ndoo, kufagia kumekuchosha, sasa unatuchorea?" Watu wakacheka kidogo.

Jioni nyumbani mdogo wangu hakula. Nikambana mpaka akaniambia yote, na bomba lenyewe. Akisema chuoni, kazi imekwisha, na imebaki miaka miwili tu astaafu. Asiposema, kijito kile ndicho kinachoshuka hadi kwetu, na mjukuu wake wa miaka minne hushinda ndani yake. Nikamwambia aseme. Akanijibu kuwa ni rahisi kwa mtu asiye na mwajiri. Hapo aliniweza, ingawa sikumwambia.

Alichukua njiti ya fagio, akaipima kwenye kiganja cha mjukuu aliyekuwa anakula, akaivunja ilipoishia ncha ya kidole. Kesho yake akaipeleka ukutani. Ikalingana, haikuzidi wala kupungua.

Nikamwambia asijitie wazimu, kiganja cha mtoto yeyote wa miaka minne kingelingana.

"Ndiyo, dada," akasema. "Yeyote."

Wageni walipofika, mmoja aliuliza mbona mti unatoka maji. Msimamizi akasema ni unyevu wa ukuta. Mdogo wangu akatua ndoo.

"Si unyevu, bwana. Hilo tope nimelileta mimi. Nililichota chini ya bomba la maabara."

"Unajua unachosema, mama?" msimamizi akauliza.

"Najua. Nifuateni."

Wakamfuata mteremkoni, wageni na wenyeji. Maji ya bomba yalikuwa meupe kama kioo, hayana harufu yoyote. Ukingoni hapakuwa na chura, hapakuwa na mbu, hapakuwa na unyasi. Mwanafunzi mmoja akaokota jiwe, mwingine akaokota jiwe, wahadhiri wakakunja mikono ya mashati. Adhuhuri haijafika, bomba lilikuwa limezibwa. Maabara ikafungwa hadi ijengewe shimo lake la maji machafu.

Mwezi uleule mdogo wangu aliachishwa kazi kwa kosa la kufika mahali palipokatazwa. Wanafunzi wanamtetea hadi leo, bado hawajasikilizwa. Ukuta nao haujakauka.

Mtoto tumemkataza kijito. Tunamtekea maji kisima cha juu, mwendo wa saa nzima, naye ananuna, anauliza kijito kimetukosea nini. Bibi yake humwogesha kwa kikombe, akifika kwenye viganja anasugua, anasugua, mpaka mtoto anajichomoa na kukimbia.