Loisi azisaka pilipili zake sokoni

Loisi Matonya anaipasua pilipili kwa ukucha, anailamba, anasubiri. Uso haubadiliki. Anairudisha mezani.

"Mama, unanunua au unaonja tu?" anauliza Bashiri, muuza viungo katika soko la Majengo, Dodoma.

"Nanunua. Ila hizi zako zinawasha ulimini tu. Zikifika kooni zimekufa."

Loisi, mjane wa miaka 43 kutoka Chamwino, hatafuti kiungo cha mboga. Anatafuta mbegu, na ana hasira.

Riziki yake ni miche ya pilipili mbuzi, shilingi mia mbili mmoja. Mbegu alipewa na mama yake huko Kongwa: pilipili fupi, yenye ncha iliyokunjamana, inayochelewa kuwasha lakini ikianza haikuachii. Kila msimu huchagua zilizoiva vizuri, akazikausha na kuzihifadhi kwenye ungo juu ya dari la jikoni.

Mwezi uliopita alikwenda kumuuguza dada yake. Huku nyuma shemeji yake, Gerson, anayeishi naye ua mmoja, akapata wageni wa posa. Akaushusha ungo, akazitwanga zote na chumvi.

"Narudi nakuta kinu chekundu," anasema Loisi. "Namuuliza, ananijibu, 'Shemeji, pilipili si pilipili tu? Sokoni zimejaa.' Wageni wamekula mwaka wangu mzima, wakashushia na soda!"

Tangu siku hiyo hajaitikia salamu ya Gerson.

Muda nao unambana. Mvua ikianza, wateja hutaka miche iliyokwisha kusimama. Wakiikosa kwake watakwenda kwingine, na miche hiyo ndiyo ada ya binti yake, Antonia, aliye chuo cha ufundi.

Bashiri anavuta tenga jingine. "Haya, jaribu na hizi za Hombolo."

Loisi anapasua, analamba, anasubiri. Anasubiri tena. Ghafla macho yanamjaa machozi, anaipiga meza kwa kiganja.

"Nani kazilima hizi?"

"Mama mmoja, Emiliana. Anasema miche alinunua Chamwino, kwa mwanamke mkali kuliko pilipili zenyewe."

Meza za jirani zinaangua kicheko. Loisi hacheki.

"Mwambie Emiliana, huyo mkali amekuja kununua zake mwenyewe."

Anachagua moja moja. Zilizoivia mtini anaziweka kwenye kikapu. Zilizoivia guniani anamrudishia Bashiri. Nyumbani atazikamua, ataziosha mbegu, zinazoelea atazimwaga, zinazozama atazianika kivulini.

Msimu huu, anasema, Gerson naye atapewa miche, ya bure.

"Aipande mlangoni kwake, kisha aalike ukoo mzima."

Na za mbegu? Loisi anakaza kitenge kiunoni, anajitwika kikapu.

"Hizo jikoni hazirudi. Zitaning'inia juu ya kitanda changu. Anayezitaka aje, nitakuwa macho."