Mkono wa Mama Sanamaki

Jirani yangu anayeuza dawa za tumbo, yule tunayemwita Mama Sanamaki, hampi mtu dawa kabla ya kumlaza kwenye benchi na kumbonyeza. Kwanza husugua viganja vipate joto, kisha vidole vyake vinavyonuka tangawizi hutembea polepole tumboni, huku macho yake yako usoni mwa mgonjwa. Watu huona haya kusema wamekosa choo wiki nzima. "Nimepata kidogo, mama," husema, naye huguna, "Mficha maradhi," akasubiri. Asiyemalizia methali hapewi sanamaki, dawa yake ya kulainisha choo. "Kifo humuumbua," hujibu mgonjwa, wakacheka wote wawili.

Leo asubuhi nilikwenda kuchukua dawa yangu, nikamkuta kalala mwenyewe kwenye benchi lile. Kikombe cha sanamaki kilikuwa kimepoa pembeni, hata hajakionja. "Njoo, mwanangu," akaniambia. "Mkono wangu leo siuamini. Hebu bonyeza hapa, chini ya kitovu." Nikasugua viganja kama afanyavyo yeye, nikabonyeza. Palikuwa na kitu kigumu kama kokwa ya embe, na nilipokisukuma hakikusogea. Nilipoinua uso, nikakuta ananitazama.

"Si kitu, mama," nikasema. "Gesi tu hiyo."

Hakucheka.

"Mficha maradhi," akasema taratibu, akasubiri. Mkono wangu ulibaki palepale tumboni mwake, juu ya kile kitu kigumu.