Pampu Yenye Kelele ya Mavis Breakwell

Watu wa Kidderminster waliomfahamu Mavis Breakwell kwa mbali waliamini kwamba lile gari jekundu la viti viwili lilikuwa la marehemu mumewe. Len alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu, lakini usukani wa gari lile hakuwahi kuushika. Kona mbili tu zilitosha kumtapisha. Kazi yake ilikuwa kukaa kando na kushika chupa ya chai. Gari alilinunua Mavis mwenyewe, mwaka ule kiwanda cha mazulia kilipofunga milango na kuwapa wafumaji kiinua mgongo pamoja na saa ya ukutani. Saa aliigawa.

"Unalitunza vizuri gari la mzee," mtu angemwambia kwenye foleni ya duka la nyama.

"Mzee alikuwa na kazi ya kulitunza tumbo lake," Mavis angejibu. "Gari ni langu."

Kiwanda kilimwachia vitu vingine viwili: masikio mabovu, na macho ya kusoma midomo. Mitambo ya kufumia ilinguruma kiasi kwamba wafumaji waliongea bila sauti, kutoka ukuta hadi ukuta, wakiwasengenya wasimamizi mbele ya pua zao. Nyuzi zilipokatika, mfumaji hakusikia. Alihisi kwenye nyayo.

Habari za midomo Clive Hotchkiss hakuzijua. Huyu alikuwa daktari wa meno mstaafu na mwenyekiti wa klabu ya magari ya zamani. Maisha yake yote aliongea na watu walioachama vinywa wasiweze kumjibu, na mazoea yale yalimganda.

Kila Julai klabu ilipanda kilima cha Cadbrook, gari moja moja, saa ikihesabu. Sheria zilikuwa chache. Mojawapo ilisema kwamba gari litakalosaidiwa kilimani miaka miwili mfululizo halitapanda tena. Litahamia bustanini, kwenye magari ya maonyesho, lizungushiwe kamba na kudondoshewa aiskrimu. Mwaka uliopita gari la Mavis lilizimika kona ya pili. Tatizo lilikuwa pampu ya petroli, na dawa yake kila mwenye gari la aina ile anaijua: unashuka, unaipiga pampu kisigino cha kiatu, unaendelea na safari. Siku ile Mavis alivaa raba za kitambaa. Kabla hajapata jiwe, Clive alifika mbio na nyundo. Pampu ilikuwa inaumwa. Clive aliiponda mpaka ikafa, kisha akalisukuma gari kando, watu wakampigia makofi.

Kwa hiyo ilitakiwa pampu nyingine, na mwaka huu haikuwa na ruhusa ya kumwangusha.

Kwenye mkutano wa klabu, baani, Clive aliweka boksi lenye utepe mbele yake.

"Fungua, Mavis mpenzi. Haiumi."

Ndani kulikuwa na pampu mpya ya umeme, nyepesi, kimya kama samaki, iliyotengenezwa iwe na msukumo mdogo unaofaa kabureta. Hata Mavis aliona kwamba ni kitu kizuri.

"Hiyo haigongi, hainuni, haitaki viatu," Clive alisema kwa sauti ya kuwafikia hata waliokaa chooni. "Tutageuza nyaya za betri tu, maana gari lako ndilo la mwisho hapa kufungwa kinyumenyume. Wenzio wote walishageuza. Nitaifunga mwenyewe. Na huyu mkwe wangu Rupert atalipandisha mwaka huu, kuijaribu tu."

"Kujaribu pampu, au kujaribu kiti?"

Meza ilicheka. Rupert, mtu mzima mwenye ndevu za gharama, alitazama glasi yake.

"Mimi nataka ile ya zamani," Mavis alisema. "Inayogonga."

"Inayogonga! Mama wee, wewe hata kengele ya mlango wako huisikii! Juzi nimesimama nje na mvua mpaka mbwa wa jirani akanihurumia."

"Nilikuona kupitia dirisha, Clive."

Walicheka tena, safari hii vibaya kwa mwenyekiti. Clive alitabasamu, akamgeukia katibu, akasema jambo kwa chini. Mavis alilisoma kutoka ng'ambo ya meza, neno kwa neno: *Kufika Krismasi litakuwa la Rupert.*

Alimaliza bia yake. Alilifunga boksi kwa utepe uleule, fundo zuri la mfumaji, akalisukuma likasimama mbele ya Clive.

Fundi wa pampu za zamani aliishi Ludlow, nyuma ya kanisa. Emrys Pritchard alikuwa na dosari moja ya kibiashara: alisema kweli.

"Ningekuwa wewe, bibie, ningechukua ile ya mwenyekiti."

"Si unauza hizi wewe?"

"Ndiyo maana nazijua. Nashukuru tu hakukuletea pampu ya gari la kisasa. Kuna bwana alifunga moja kwenye kabureta mbili, ikasukuma petroli kwa nguvu zote, ikafurika kama maziwa jikoni. Bahati yake havuti sigara." Aliitoa pampu ya zamani kwenye gazeti. "Hii nimeifufua vizuri. Ila ukiilaza wiki kadhaa, vidole vyake vya ndani vinafanya ukungu na havigusani. Inanuna. Haisemi na mtu."

"Tutaelewana."

Emrys aliiunga na betri. Pampu ikaanza kugonga, tak-tak-tak-tak, na Mavis akaweka kiganja juu yake kama mtu anayempima mtoto homa. Huko kilimani, kabla ya kuwasha injini, unafungua swichi na kungoja. Pampu inagonga mbio ikijaza kabureta, kisha pole pole, kisha inanyamaza, na hapo unajua kabureta zimekunywa zikashiba. Wengine walisikia kwa masikio. Mavis alipokea mgongoni, kupitia kiti. Petroli ikipungua, inagonga kama mwendawazimu. Mpira wa petroli ukivuta hewa, hivyo hivyo. Pampu kimya kwake ilikuwa kama yule msimamizi wa kiwandani aliyetabasamu mpaka asubuhi ya kufunga milango.

Emrys aliutazama ule mkono, akaanza kuandika risiti. Hakurudia tena habari za mwenyekiti.

Mavis aliifunga pampu mwenyewe, akiwa chali juu ya kipande cha zulia la kiwandani. Kisha binti yake wa Bristol akavunjika mguu, Mavis akaenda kupika na kufokewa, na gari likalala bandani mwezi mzima wa mvua. Alirudi siku mbili kabla ya mashindano. Pampu ilianza kugonga mara tu alipofungua swichi. Hata hivyo alikwenda chumba cha juu, akafungua kabati la Len.

Kilimani, mkaguzi wa klabu alichungulia kiti cha kushoto. Palikuwa na buti moja la kiwandani, zito, lenye chuma kisiginoni, limefungwa mkanda.

"Hicho nini, Mavis?"

"Abiria. Safari hii hatapiki."

Bendera iliposhuka aliondoka vizuri. Kona ya kwanza aliichukua kwa gia ya pili, mgongo ukipokea tak-tak za kawaida. Kona ya pili watu walikuwa wengi kuliko kawaida. Baadhi walikuja na viti vyao na kuvipanga pale hasa. Kabla hajafika katikati yake, mgongo ulinyamaza. Mguu ulikuwa umekanyaga mafuta mpaka chini na mgongoni hamna kitu. Injini ilikohoa, ikafa. Alivuta breki ya mkono.

Kimya cha namna ile alikuwa anakifahamu vizuri.

Clive alisimama juu ya kona na kipaza sauti, lakini alichomwambia Rupert alikisema bila kipaza. Mavis alisoma: *Nenda kalisukume, upesi.*

Mkono mmoja tu juu ya gari, na gari lingekwenda bustanini.

"Rudi!" Mavis alikuwa ameshashuka, buti mkononi. "Ukiligusa, Rupert, nakutandika na hili!"

"Bibi, nataka tu kukusai—"

"Nenda kamsaidie mkweo!"

Rupert alisimama. Buti lilionekana limekusudia. Mavis alipiga magoti kwenye lami, magoti yakalalamika kwa lugha yao, akapitisha mkono mbele ya gurudumu la nyuma. Alipiga. Aliweka kiganja: kimya. Alipiga tena, kwa ajili ya saa ya ukutani, na kidogo kwa ajili ya nyundo ya mwaka jana. Kiganjani kikaja kitu kidogo, tak, halafu kingine, halafu vyote.

Aliondoka na moshi wa matairi, buti likirukaruka kwenye kiti cha Len.

Muda wake ulisomwa mara mbili, kwa kuwa msomaji alidhani amekosea. Ulikuwa mbaya kuliko wote tangu klabu ianzishwe, lakini ulikuwa muda. Kwenye hema la chai Clive alimfuata akiwa na kitabu cha sheria.

"Lilisimama, Mavis."

"Lilisimama. Nani aliligusa?"

Clive alifunua kurasa, akazirudisha. "Na pampu yangu lisingesimama kabisa!"

"Kweli," Mavis alisema. "Pampu yako ni bora. Siitaki."

Daktari alikifunga kitabu cha sheria. Alikwenda zake upande wa pili wa hema, akasimama karibu na Rupert, akanong'ona ubavu kwa ubavu: *Kibibi kikaidi kuliko punda.*

"Asante, Clive," Mavis alijibu kutoka kwenye birika la chai. "Na Krismasi usisumbuke. Gari bado litakuwa langu."

Clive alimtazama yeye, kisha Rupert, kisha katibu, na usoni ilionekana anarudi nyuma mkutano kwa mkutano, mwaka kwa mwaka, akikumbuka kila alichowahi kusema kwa chini mbele ya mwanamke yule. Halafu akafumba kinywa. Mavis alikunywa chai yake, akaenda kuitazama ratiba ya Julai ijayo.