Mgeni na Mwenyeji katika Kompyuta Moja

Sifa zote ni kwa Mungu Baba, aliyenishika mkono tangu usichana wangu hadi mvi hizi, akaniachia na kumbukumbu ili nisiwe mchoyo wa kile alichonifundisha kupitia watu wake. Kwake naanzia, maana bila yeye nisingekuwa na la kusimulia.

Nakumbuka siku moja, mwanangu, katika miaka ya tisini, mvua ya asubuhi ikiwa imekatika na joto la Kisumu likianza kupanda kutoka ardhini, nilifika kazini nikakuta mabishano. Kazi yangu ilikuwa kuwafundisha wasichana kupiga chapa, katika chumba kidogo nyuma ya kanisa letu pale Manyatta. Tulikuwa na mashine za taipu na kompyuta moja tu. Hiyo kompyuta tulipewa na Bwana Harjit, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, siku aliponunua nyingine. Ilikuwa nzito kama gunia la mahindi, rangi yake imegeuka ya chai ya maziwa, na ukiiwasha ilinguruma kwanza kama mtu anayesafisha koo kabla ya kuhubiri.

Waliobishana walikuwa Achieng, mwanafunzi wangu mwenye ulimi mwepesi, na Mzee Zablon, mchungaji wetu mstaafu.

"Mzee, kwa heshima tu," Achieng alikuwa akisema, "hii kompyuta yako ni marehemu. Kioo cheusi, maandishi meupe, basi. Huko mjini ofisi zinataka mtu anayejua kushika mausi."

"Marehemu hasemi," Mzee akajibu bila kuinua macho. "Hii inasema nami kila asubuhi."

"Inasema nini?"

"Inaniambia nimekosea."

Wasichana wakaangua kicheko, na Mzee mwenyewe akacheka mpaka akavua miwani.

Nikueleze kidogo, mwanangu, ili uone kwamba wote wawili walikuwa na haki. Mzee Zablon alikuja kila asubuhi kwa baiskeli kutoka Otonglo kuandika nyimbo. Zilikuwa nyimbo za ibada kwa Dholuo, lugha yetu, ambazo kina mama wa Nyakach, huko upande wa Katito, waliziimba msibani na wakati wa kuvuna. Hazikuwa katika kitabu chochote. Wengi wa kina mama hao walikuwa wamekwisha kuzikwa. Mzee aliziandika kwa vidole viwili, katika mfumo ule wa zamani wa kioo cheusi, kwa kuwa herufi nyeupe ndizo macho yake yaliweza kuziona. Wasichana nao walihitaji ule mfumo mpya wa picha na mausi, la sivyo wangemaliza masomo na kurudi kukaa nyumbani. Na kompyuta ilikuwa moja.

Shemeji yangu Oduor, mdogo wa mume wangu, alikuwa fundi wa mashine za ofisini. Alikuja na disketi za mfumo mpya ndani ya mfuko wa nailoni.

"Shemeji, hapa hakuna kesi," akaniambia. "Tunafuta wa zamani, tunaweka mpya, tunakunywa chai."

Nilimwendea Mzee kumuuliza. Akasema, "Futeni. Mimi nimeshakula chumvi ya kutosha. Hawa watoto ndio wanatafuta maisha." Halafu akatoa leso mfukoni akaanza kupangusa vumbi kwenye kioo, taratibu, kama mtu anayemwosha mtoto uso kabla ya kumpeleka shule. Mwanangu, laiti angenigombeza! Upole ule ulinishinda. Nikarudi kwa Oduor nikamwambia hapana, tafuta njia ya kuiweka mifumo yote miwili.

Njia ilikuwepo. Oduor alieleza kwamba diski ya ndani inaweza kugawanywa, kila mfumo ukapata chumba chake, na kompyuta ikiwaka ikuulize unataka kuingia upi. Lakini ili kuigawa, ilibidi kila kilichomo kifutwe kwanza. Basi tukanakili nyimbo za Mzee kwenye disketi, nikazifunga kwa kitambaa safi, nikaomba juu yake.

"Haya," Oduor akasema akikunja mikono ya shati, "nianze na upi?"

Wewe unajua tunavyolelewa huku kwetu. Mgeni akiingia, watoto hata wakiwa na njaa, yeye ndiye anayewekewa kwanza, na kuku asipotosha, paja ni lake. Mimi bila kufikiri nikasema, "Anza na mpya. Ndiye mgeni." Oduor naye kalelewa hivyo hivyo, akaona ni sawa kabisa. Akaweka mpya, ukapendeza, wasichana wakapiga makofi. Kisha akaweka wa zamani nyuma yake. Tulipoiwasha tena, kikaja kioo cheusi. Tukaizima, tukaiwasha. Kioo cheusi. Haikuuliza chochote.

"Yawa!" Achieng akashika kichwa. "Mwalimu, mgeni wetu ameenda wapi?"

"Labda alingoja chai akachoka," mwenzake akasema, lakini safari hii hakuna aliyecheka sana.

Oduor aliinama juu ya kitabu chake cha maelezo mpaka jasho likamtiririka. Akatueleza kwamba pale mwanzo wa diski pana sehemu ndogo, kama lango, ambapo mfumo huandika jinsi ya kuingia. Mfumo mpya umetengenezwa ukijua kwamba kulikuwa na mwingine kabla yake, kwa hiyo ukiingia nyuma humwachia mwenzake njia. Wa zamani haujui kwamba kuna mwingine duniani. Ukiingia nyuma, unaandika lango lote kwa jina lake. Hakuwa na namna ila kufuta yote na kuanza upya.

Kwa hiyo nikarudi kwa Mzee Zablon mara ya pili.

"Mnataka kuvunja nyumba tena na mimi nimo ndani?" akauliza. Nilipomweleza jinsi tulivyoanza na mgeni, alicheka, kisha uso ukatulia.

"Nyathina," akasema, yaani mwanangu, "mgeni ni yule anayekula na kuondoka. Huyo, mpe kwanza. Lakini huyu wenu amekuja kulala na kuamka hapa. Huyo si mgeni, huyo ni mwolewa. Kwa babu yangu, mke wa pili alipoletwa, alikuta nyumba ya wa kwanza imesimama, ikitazama lango. Hakuna aliyeibomoa, na hakuna aliyepanda shambani kabla mwenye nyumba ile hajapanda." Akakohoa. "Nimehubiri maisha yangu yote mtu awe na mke mmoja, na sasa angalia shemeji yako ananifanya nihubiri kuhusu wawili. Nendeni. Anzeni na wa kwanza. Na msiwe na haraka. Haraka ndiyo iliyowafanya msiulize."

Hilo la mwisho ndilo lililonichoma, kwa kuwa lilikuwa kweli. Tulikuwa na mtu mzima mle mle chumbani na hatukumuuliza lolote zaidi ya ruhusa.

Oduor akafuta, akagawa, akaweka wa zamani, kisha mpya. Akaiwasha. Kompyuta ikanguruma, ikasimama, ikauliza: upi? Achieng alibonyeza huu, akabonyeza ule, na yote miwili ikafunguka. Alipiga kigelegele mpaka mama muuza mandazi akaja kuchungulia akidhani kuna aliyeposwa.

Kisha tukaanza kurudisha nyimbo. Disketi zikasomeka moja baada ya nyingine, mpaka ya mwisho. Hiyo ilikwaruza, ikakwaruza, ikakataa. Oduor akaipeleka mpaka kwenye mashine ya Bwana Harjit, ikakataa na huko. Humo mlikuwa na nyimbo za msiba.

Nilidhani Mzee atalia. Aliichukua ile disketi akairudisha kwenye kitambaa. Kisha Achieng, yule yule aliyeiita kompyuta marehemu, akavuta kiti mbele ya kompyuta, akachagua mfumo wa zamani, kioo kikawa cheusi.

"Mzee, imba," akasema. "Mimi nitaandika. Vidole vyako viwili vitatufikisha Krismasi."

"Wewe unajua kuandika Dholuo?"

"Nikikosea, kompyuta itaniambia. Si inasema?"

Mzee akaimba. Sauti yake ilikuwa imepasuka kwa uzee, lakini wasichana waliacha mashine zao wakasogea kusikiliza. Siku zilizofuata aliendelea, Achieng akiandika, wengine wakidakia kiitikio, na zamu za Mzee na za wasichana zikachanganyika tusijue tena ni ya nani. Wimbo mmoja ulikuwa na ubeti ambao hakuukumbuka. Alituma watu hadi Katito, wakaambiwa mama aliyeujua ameshatangulia. Mzee alikataa kuubuni. "Acheni nafasi wazi," akasema, "Nyasaye, Mungu wetu, anaujua." Achieng akaandika hivyo, na uko hivyo hadi leo kwenye kijitabu tunachoimbia kanisani. Tukifika pale tunanyamaza kidogo, halafu tunaendelea.

Mzee Zablon amelala sasa, na Achieng ana wajukuu. Mimi nimebaki na nasaha hii, nayo ni yako, mwanangu. Kipya kikija mikononi mwako, kiwe chombo, kiwe elimu, kiwe desturi, kwanza jiulize kama kimekuja kupita au kukaa. Kikija kupita, kikirimu na ukiage kwa heri. Kikija kukaa, usikibomolee kilichokuwepo, na usikipe nafasi ya kwanza kwa sababu tu kinang'aa. Kipange cha zamani mahali pake, kisha ukaribishe kipya kando yake, na uwe na subira ya kuchagua kila siku kipi unakifungua. Na kabla hujagusa kitu cha mzee, usimwombe ruhusa tu. Muulize anajua nini, kwa sababu siku moja disketi itakataa kusomeka, na utabaki na kile tu alichokubali kukuimbia akiwa hai.

Wewe unayesoma haya, Mungu akupe masikio yanayosikia wazee na mikono isiyoogopa mapya. Akuzidishie siku, abariki kazi ya vidole vyako, na pale utakapopungukiwa ubeti, yeye mwenyewe aujaze. Amina.