Njoo Ukague Mwenyewe

Fundi Sharifu wa stendi ya Lushoto hatengenezi gari. Anatengeneza tundu moja dogo kwenye kioo cha mbele, lile linaloachwa na kokoto iliyorushwa na tairi la lori, na kwa kazi hiyo moja amesomesha watoto watatu. Mimi, Esteria, nauza chai na maandazi hatua nne kutoka alipo, huu mwaka wa kumi na mmoja. Namjua kuliko ndugu zake wanavyomjua, au ndivyo nilivyokuwa nikijisifu.

Kazi yake ukiitazama unaweza kusinzia. Analisafisha tundu kwa sindano, analikausha mpaka unyevu wote uishe, maana huku kwetu hata vioo huamka vimelowa. Anabandika kifaa chake chenye mguu wa mpira, anaingiza gundi, anasukuma, anasubiri, anavuta hewa itoke, anasubiri tena. Ukimharakisha ananuna. Adui yake ni kiputo cha hewa kinachobaki ndani ya gundi, kitu kidogo kuliko mbegu ya mchicha. Aliniambia gari likishuka Mombo kwenye joto kiputo kinatanuka, likirudi huku kwenye baridi kinasinyaa, na siku moja kioo kinapasuka kuanzia hapo hapo. Kwa hiyo kabla ya kuigandisha gundi kwa taa yake ya zambarau, alikuwa anaingiza kichwa ndani ya gari na kukagua kwa tochi mpaka shingo inamuuma.

Mwaka juzi akabadilisha. Akimaliza kuingiza gundi, anamkabidhi mwenye gari tochi: "Njoo ukague mwenyewe. Ukiona kiputo, niambie." Madereva wakampenda zaidi. Huyu ndiye fundi, walisema, hafichi kitu. Mimi nikamtania kwamba uzee umeingia, sasa anawafanyisha wateja kazi yake, naye akacheka. Mara nyingine mwenye gari akiwa mbali aliniita mimi nimwangalizie. Nilimjibu kwamba mikono yangu ina unga, atafute mtu mwingine. Nilimjibu hivyo mara nyingi, na kila nikikumbuka natamani kujizaba kibao.

Julai hii akaja Nathanaeli, kijana wa Gare anayebeba abiria wa Mombo kwa gari aina ya Noah. Tundu lilikuwa upande wa dereva. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye mabati, abiria wake wamejibana kwenye benchi langu wakinung'unika kwamba wamechelewa. Sharifu alimaliza, akampa tochi. Nathanaeli alimulika mara moja tu, macho yakiwa kwa abiria, akasema hakuna kitu. Sharifu akawasha taa yake.

Siku mbili baadaye, Nathanaeli akipanda kutoka Mombo, ukungu ulimfunika juu kidogo ya Soni. Akafungulia hewa ya moto kioo kisizibe. Kioo kikalia mara moja na ufa ukakimbia mbele ya uso wake, kutoka kwenye lile tundu hadi kingo zote mbili. Hakuona tena barabara. Aliliegemeza gari kwenye ukuta wa mlima, na bibi mmoja akavunjika mkono. Wangeangukia upande wa pili, wenye korongo, tungekuwa tunachimba makaburi manane.

Nathanaeli alikuja stendi Ijumaa, kwa miguu. Nilisogeza birika pembeni, nikijua kwamba leo mzee wa watu atapigwa.

"Shikamoo, baba," Nathanaeli akasema, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Alikuja kuomba radhi. Kosa ni langu, alisema, uliniambia nikague nami sikukagua, na wenzangu wote nimewaambia wasikulaumu. Madereva waliokuwa karibu wakaitikia kwamba ni kweli kabisa.

Sharifu angeweza kunyamaza. Nasema wazi, mimi ningenyamaza. Alisimama na kitambaa chake mkononi.

"Sioni, mwanangu."

"Huoni nini, baba?"

"Viputo. Nilidhani ni ukungu wa Julai, nikangoja upite. Januari jua likatoka, wenzangu wote wakaona, mimi ukungu umebaki machoni. Nilikuwa natumia macho yenu."

Alisema aliogopa kwenda kwa daktari wa macho, maana angeambiwa aache kazi, na kazi nyingine haijui. Nilikasirika mpaka nikashindwa kumimina chai. Halafu nikaona aibu, kwa sababu ya ule unga wangu.

Nathanaeli hakupandisha sauti. Aliuliza kitu kimoja tu, ni magari mangapi yaliyoondoka bila kukaguliwa vizuri. Sharifu akaketi kwenye ndoo yake, akafumba macho, akaanza kuwataja wenye magari mmoja mmoja. Alimkumbuka kila aliyeshika tochi kwa haraka. Nathanaeli akatoa simu na kuanza kupiga.

Rajabu wa Fuso la kabichi alipokea, akasema analiegesha sasa hivi. Martin wa Rangwi alisema gari liko nyumbani tangu juzi. Wa tatu alicheka, akidhani anataniwa, kisha akauliza aliegeshe wapi.

Wa nne alikuwa Zuberi. Ilikuwa saa tisa alasiri, na kila mtu pale stendi anajua kwamba saa tisa Zuberi huwa anapanda kutoka Mombo, gari limejaa. Huko chini kuelekea Soni tulikuwa hatuoni chochote zaidi ya weupe. Simu iliita mpaka ikakatika. Nathanaeli akapiga tena.

"Mwambie asifungulie hewa ya moto," Sharifu akasema.

"Hajapokea, baba."

"Mwambie tu."